Gari Linaponyamaza: Kupima Njia za Mawasiliano ya Springi za Hewa

Barabara itokayo Morogoro mjini kwenda Kisaki hupita chini ya milima ya Uluguru upande wa mashariki. Hupitia Matombo, Mvuha na Duthumi, kisha huingia katika nchi tambarare ya mto Mgeta. Wakati wa kiangazi barabara hiyo huwa na vumbi na mashimo. Wakati wa masika, kati ya mwezi wa Machi na Mei, huwa na matope na madimbwi ambayo dereva hawezi kuujua undani wake mpaka amekwisha kuingia. Kisaki ina stesheni ya reli ya TAZARA, reli iliyofunguliwa rasmi mwaka 1976, na tena iko jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 2019 kutokana na sehemu ya Pori la Akiba la Selous. Kwa hiyo magari ya kila namna hufika huko.

Mengi ya magari hayo yana springi za chuma, ambazo fundi wa kijijini huzielewa vema. Springi ya chuma ikivunjika, ubovu wake huonekana kwa macho. Lakini siku hizi yamo pia magari yanayobebwa na hewa, na urefu wake kutoka ardhini hutawaliwa na kompyuta. Gari la namna hii likiharibika, jicho peke yake halitoshi. Ni lazima fundi azungumze na kompyuta hiyo, na kabla ya kuzungumza nayo ni lazima njia ya mazungumzo iwe nzima.

Tuchukue mfano. Tuseme gari moja lenye springi za hewa limefika Kisaki jioni baada ya kuvuka matope mengi. Asubuhi wenyewe wanalikuta limelala, tumbo lake karibu kugusa ardhi, na taa ya onyo inawaka kwenye dashibodi. Anaitwa fundi. Fundi anachomeka chombo chake cha kusomea hitilafu katika soketi iliyo chini ya usukani. Kioo cha chombo kinawaka vizuri, lakini maandishi yanayotokea ni haya tu: hakuna mawasiliano. Fundi anafikiri kidogo, kisha anatoa hukumu: kompyuta ya springi imekufa, inunuliwe nyingine. Kompyuta inaagizwa kutoka ng'ambo kwa fedha nyingi. Baada ya majuma kadhaa inafika, inafungwa, na kisomaji kinachomekwa tena. Jibu ni lile lile: hakuna mawasiliano.

Je, fundi huyu alikosea wapi? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo. Msomaji ataona kwamba jibu lake halihitaji elimu ngeni. Linahitaji Kanuni ya Ohm, ambayo kila mwanafunzi wa fizikia wa shule ya sekondari amefundishwa, na mita ya umeme ya bei ndogo.

Springi ya hewa hufanyaje kazi?

Springi ya hewa ni mfuko wa mpira mgumu ulioimarishwa kwa nyuzi, uliofungwa mahali ambapo springi ya chuma ingekaa. Kompresa, yaani pampu inayoendeshwa na umeme, hukandamiza hewa na kuisukuma katika mifuko kupitia vali. Karibu na gurudumu kuna kihisi cha urefu, yaani kifaa kidogo chenye mkono unaopanda na kushuka pamoja na gurudumu. Kihisi hupeleka volteji kwenye kompyuta, na volteji hiyo hubadilika kadiri mkono unavyosogea. Kompyuta ikiona kwamba upande mmoja umeshuka, hufungua vali na kuongeza hewa. Ikiona umepanda mno, hupunguza hewa.

Hewa hiyo ina nguvu kiasi gani? Tuseme gurudumu moja linabeba kilo 600 za gari, na eneo la mfuko linalobeba uzito huo ni sentimita 100 za mraba, yaani mita 0.01 za mraba. Uzito ni kama nyutoni 6,000. Tukigawanya kwa eneo tunapata kanieneo ya paskali 600,000, yaani karibu baa 6. Hii ni takriban mara tatu ya kanieneo ya hewa katika matairi ya gari dogo la kawaida. Tutayakumbuka mahesabu haya tutakapozungumzia usalama.

Springi zinazoongozwa kwa umeme si jambo la jana. Huko Marekani zilikuwamo katika gari la Lincoln Continental la mwaka 1984, na mwaka 1992 Range Rover ilianza kuzitumia katika magari yake yaliyokusudiwa njia mbaya. Faida yake ni kwamba gari huweza kunyanyuka kwenye mashimo na kushuka kwenye lami. Hasara yake ni kwamba kompyuta isipoviamini vihisi vyake huweza kukataa kuliinua gari, hata kama mifuko yote ni mizima.

Lugha na njia ya kuzungumzia

Kompyuta ya gari hukumbuka makosa inayoyaona na kuyaweka kama namba za siri. Ili kuzisoma, fundi huchomeka kisomaji katika soketi maalumu. Zamani kila kampuni ilikuwa na soketi yake. Sheria za Marekani zilipoyabana magari mapya ya mwaka 1996 na kuendelea, soketi moja yenye nafasi 16 ilienea duniani. Nchi za Ulaya zilifuata mwaka 2001 kwa magari mapya ya petroli.

Hapa pana jambo ambalo mafundi wengi hawalifahamu. Sheria hizo zilitungwa kwa sababu ya moshi, si kwa sababu ya springi. Serikali zilitaka kila mkaguzi aweze kujua kama injini inachafua hewa. Kwa hiyo ililazimishwa lugha moja kwa ajili ya habari za injini na moshi tu. Habari za springi, breki na milango zilibaki katika lugha ya kila kampuni. Ndiyo maana kisomaji cha bei rahisi huweza kuzungumza na injini vizuri sana, lakini kikiulizwa habari za springi kikanyamaza. Hapo kompyuta ya springi haijafa. Kisomaji ndicho kisichojua lugha yake.

Tufananishe jambo hili na stesheni mbili za reli zinazozungumza kwa simu ya waya. Mkuu wa stesheni ya kwanza anapiga simu na hasikii jibu. Je, aseme papo hapo kwamba mwenzake amefariki? La. Huenda simu yake mwenyewe haina umeme. Huenda waya umekatika njiani. Huenda mwenzake yupo lakini haijui lugha anayosemeshwa. Kifo cha mwenzake ni jambo la mwisho la kufikiriwa, baada ya hayo yote kuchunguzwa. Kwenye gari mpangilio ni huo huo, nasi tutaufuata hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: je, soketi ina umeme?

Itazame soketi ya gari kwa mbele, upande ulio mpana ukiwa juu. Safu ya juu ina nafasi ya 1 hadi ya 8, kuanzia kushoto, na safu ya chini ina ya 9 hadi ya 16. Katika soketi hii iliyosanifiwa, nafasi ya 16 hupokea umeme chanya wa betri. Nafasi ya 4 na ya 5 hurudi upande wa hasi, ambao mafundi huuita ethi.

Weka mita katika kipimo cha volti za umeme wa mkondo mnyoofu. Gusa nafasi ya 16 kwa waya mwekundu na nafasi ya 4 kwa waya mweusi. Betri nzima ya gari lililosimama hutoa kama volti 12.6. Mita ikisoma sifuri, tazama fyuzi. Katika baadhi ya magari, fyuzi inayolisha soketi hii ndiyo hiyo hiyo inayolisha kiwashio cha sigara, mahali ambapo watu siku hizi huchaji simu zao. Chaja mbovu moja inatosha kuiunguza fyuzi, na dereva hatajua, kwa sababu gari litaendelea kwenda kama kawaida.

Lakini hata mita ikisoma volti 12, usiridhike haraka. Mita ya kisasa ina ukinzani mkubwa sana, mara nyingi kama omu milioni 10, na mkondo inaouvuta ni mdogo mno. Waya uliobakiwa na uzi mmoja, au pini iliyoliwa na kutu, huweza kuupitisha mkondo huo mdogo na kuonyesha volti 12 kamili. Kisomaji kinapoanza kuvuta mkondo wake, volteji huanguka.

Dawa yake ni kupima soketi ikiwa na mzigo. Chukua taa ndogo ya gari ya volti 12 na wati 5. Ikiwaka kwa nguvu zake zote huvuta mkondo wa 5 ÷ 12, yaani karibu ampea 0.42, na ukinzani wake ni 12 ÷ 0.42, yaani karibu omu 29. Iunganishe kati ya nafasi ya 16 na ya 4, kisha pima volteji taa ikiwaka. Njia ikiwa nzima, volteji itabaki karibu sawa na ile ya betri. Kama kuna kutu yenye ukinzani unaolingana na wa taa, volteji itagawanyika nusu kwa nusu: taa itapata volti 6 na kutu itachukua 6.

Taa ikiwa bado inawaka, pima pia kati ya nafasi ya 4 na kichwa cha hasi cha betri. Hapo mita yapaswa kusoma karibu na sifuri, chini ya volti 0.2. Ikisoma zaidi, ethi ni mbaya. Huenda skrubu yake imelegea, au imekaa juu ya rangi, au imeota kutu baada ya kuzamishwa majini.

Onyo moja linahitajika hapa. Taa itumike kati ya nafasi ya 16 na ethi tu. Isiguse kamwe nyaya za mawasiliano, kwa maana mkondo wake huweza kuziharibu kompyuta. Wala usiingize ncha nene ya mita katika tundu za soketi. Ncha hiyo huzitanua tundu, na pini za kisomaji zikiingia baadaye hazibanwi sawasawa. Fundi wa namna hiyo huwa ameleta ubovu mpya katika harakati za kutafuta wa zamani.

Hatua ya pili: je, njia ya maneno ni nzima?

Magari mengi ya karne hii hupeleka habari zake kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Utaratibu huo ulitangazwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka 1986, na hujulikana kwa herufi CAN. Katika soketi, nyaya hizo hufika nafasi ya 6 na ya 14, na nafasi ya 14 iko chini ya ile ya 6. Wakati hakuna neno linalosemwa, kila waya hukaa kwenye volti 2.5 hivi. Neno linaposemwa, waya mmoja hupanda kufikia kama volti 3.5 na mwingine hushuka kufikia kama volti 1.5. Kompyuta husikiliza tofauti iliyopo kati ya nyaya hizo. Kelele ya umeme kutoka kwenye injini huzigusa nyaya zote mbili kwa pamoja na kwa kiasi kimoja, kwa hiyo tofauti haibadiliki. Hiyo ndiyo sababu ya kutumia nyaya mbili na kuzisokota.

Katika kila mwisho wa njia hiyo kuna kikinza cha omu 120. Kazi yake ni kuzuia ishara zisigonge mwisho wa waya na kurudi kama mwangwi. Vikinza hivyo viwili vimeunganishwa kwa usambamba, na mwanafunzi anajua kanuni yake: 1/R = 1/120 + 1/120, yaani 2/120. Basi R ni omu 60. Kwa hesabu hiyo ndogo fundi anaweza kuikagua njia nzima bila kufungua hata skrubu moja.

Zima gari, toa ufunguo, toa kichwa cha hasi cha betri, kisha ngoja dakika chache. Pima ukinzani kati ya nafasi ya 6 na ya 14. Mita ikisoma karibu omu 60, njia inayofika kwenye soketi ni nzima. Ikisoma karibu 120, kikinza kimoja hakifikiwi: ama waya umekatika mahali fulani, ama kompyuta yenye kikinza hicho imechomolewa. Ikisoma karibu sifuri, nyaya mbili zimegusana. Ikisoma ukinzani mkubwa mno, huenda waya uletao habari kwenye soketi yenyewe umekatika.

Inafaa kuongeza kwamba katika magari mengi mapya soketi haiunganishwi moja kwa moja na kompyuta ya springi. Katikati huwekwa kompyuta nyingine iliyo kama bawabu, ambayo hupokea swali na kulipeleka ndani. Kwenye gari la namna hiyo, omu 60 katika soketi zinathibitisha kipande cha njia kinachofika kwa bawabu tu. Kipande kilicho nyuma yake hupimwa penyewe, kwa kuufuata mchoro wa nyaya wa gari hilo.

Magari ya zamani kidogo hutumia waya mmoja badala ya mbili, nao kwa kawaida hufika nafasi ya 7. Kisomaji kikiwa kimechomekwa na kimetulia, waya huo hukaa karibu na volteji ya betri, na wakati wa mazungumzo hushuka na kupanda. Ukikaa kwenye sifuri daima, umegusa ethi mahali fulani.

Hatua ya tatu: je, tunasema lugha moja?

Umeme upo, njia ni nzima, na bado hakuna jibu. Sasa jaribu kuzungumza na injini. Injini ikijibu na springi zisijibu, umejifunza jambo kubwa: soketi, ethi na kisomaji ni vizima. Swali linalobaki ni kama kisomaji hicho kinaijua lugha ya springi za gari hilo. Tazama katika orodha ya kisomaji, si aina ya gari tu, bali pia mwaka wake na nchi lilikouzwa likiwa jipya. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani na jingine la jina hilo hilo lililotengenezwa kwa soko la Ulaya huweza kutofautiana. Soketi yenye nafasi 16 haithibitishi lugha, kama vile mlango wa nyumba usivyothibitisha kabila la mwenye nyumba.

Ufunguo nao usisahauliwe. Kompyuta nyingi hulala ufunguo unapotolewa. Lazima ufunguo uwe mahali pa kuwashia, hata kama injini haikuwashwa.

Hatua ya nne: je, kompyuta ya springi inalishwa?

Kisomaji kinaijua lugha, injini inajibu, lakini springi ziko kimya. Sasa tu ndipo tunapoiendea kompyuta ya springi. Hata hapa hatuihukumu kwanza. Tunatafuta fyuzi yake, kisha plagi yake, na tunapima kwenye plagi yale yale tuliyoyapima kwenye soketi: umeme chanya chini ya mzigo, na ethi chini ya mzigo. Tunaitazama plagi yenyewe: je, ina maji? Ina ukungu wa kijani, ambao ni kutu ya shaba? Pini imerudi nyuma? Kompyuta ikipata umeme mzuri, ethi nzuri na njia nzuri ya maneno, halafu isijibu kisomaji kinachoijua lugha yake, basi hapo fundi ana haki ya kusema kwamba imekufa. Kabla ya hapo, hukumu yake ni ya kubahatisha, na gharama ya kubahatisha humwangukia mwenye gari.

Kulisoma jibu

Kompyuta ikijibu, hutoa namba inayoanza kwa herufi. P ni habari za injini na giaboksi, B ni za bodi, C ni za chesisi, na U ni za mawasiliano kati ya kompyuta zenyewe. Hitilafu za springi huwa nyingi katika fungu la C. Hitilafu ya fungu la U huonyesha kwamba kompyuta moja imemkosa mwenzake, na hurudisha uchunguzi kwenye nyaya.

Ziandike namba zote katika daftari kabla ya kufuta hata moja. Fundi anayefuta kwanza huwa amefukuza shahidi kabla ya kumsikiliza. Tena, namba hutaja sehemu ya saketi yenye kasoro, haitaji kifaa cha kununua. Ikisema kwamba kihisi cha urefu cha nyuma kushoto hakileti habari, kasoro huenda ni kihisi, au plagi yake iliyojaa tope, au waya uliokatwa na kisiki, au mkono uliovunjika. Uchunguzi wa macho chini ya gari utaamua.

Namba nyingine husema kwamba kompresa imefanya kazi muda mrefu kupita kiasi. Mara nyingi kompresa si mgonjwa, bali mfuko unavuja, nayo imekuwa ikifanya kazi usiku na mchana kufidia hewa inayopotea. Hapa ndipo wahenga waliposema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Paka povu la sabuni kwenye mfuko na viungo vyake, nalo litavimba mahali pa tundu. Wala usidanganywe na wanaosema kwamba gari limelala kwa sababu ya baridi ya usiku. Kutoka nyuzi 30 jioni hadi nyuzi 20 alfajiri ni kushuka kutoka 303 hadi 293 katika kipimo cha Kelvin. Kwa Kanuni ya Charles, ujazo wa hewa hupungua kwa asilimia 3 tu. Upungufu huo hauwezi kulilaza gari.

Usalama

Usiingie chini ya gari la springi za hewa kwa kutegemea springi hizo. Tuliona kwamba kila mfuko hubeba uzito wa mamia ya kilo kwa hewa iliyokandamizwa. Amri moja ya kisomaji, au vali moja ikifunguka, huweza kuishusha bodi kwa ghafla. Jeki nayo haitoshi peke yake. Weka stendi madhubuti chini ya chesisi, kwenye ardhi ngumu, ndipo uingie. Vilevile usifungue bomba la hewa kabla hewa haijatolewa kwa utaratibu.

Majaribio mawili ya darasani

Shule isiyo na gari inaweza kuyafundisha haya yote juu ya meza.

Jaribio la kwanza linahitaji vikinza viwili vya omu 120, vyenye mistari ya rangi ya kahawia, nyekundu na kahawia, pamoja na nyaya mbili zenye urefu wa mita chache. Viunganishe vikinza katika miisho miwili ya nyaya. Mwanafunzi apime ukinzani katikati: atapata karibu omu 60. Kisha mwalimu aufiche waya chini ya kitambaa na kuukata upande mmoja, au azigusanishe nyaya. Wanafunzi waseme ni nini kilichofanyika kwa kusoma mita tu.

Jaribio la pili linahitaji betri ya pikipiki ya volti 12, fyuzi ndogo, na taa mbili zinazofanana za volti 12 na wati 5. Ziunganishe taa kwa mfululizo, pamoja na fyuzi. Taa ya kwanza iwe mfano wa kutu, na ya pili mfano wa kisomaji. Pima volteji ya taa ya pili: utapata karibu volti 6. Sasa itoe taa ya pili na kuiweka mita peke yake mahali pake. Mita itasoma karibu volti 12, ingawa «kutu» bado ipo. Waulize wanafunzi: je, mita imesema uongo? Mjadala utakaofuata utawafundisha ukinzani na mkondo kuliko kurasa nyingi za kunakili.

Turudi Kisaki

Sasa tulirudie gari letu la mfano. Kisomaji cha fundi kiliwaka kwa sababu kilikuwa na betri yake chenyewe. Mwanga wa kioo ulimfanya aamini kwamba soketi ina umeme. Kama angepima nafasi ya 16, angekuta sifuri. Fyuzi ilikuwa imeungua wakati abiria walipokuwa wakichaji simu njiani. Baada ya kuweka fyuzi mpya, kompyuta ile ile ya zamani ingejibu na kusema kwamba kihisi cha nyuma kushoto hakileti habari. Chini ya gari angekuta plagi ya kihisi imechomoka na kujaa tope la masika. Plagi ingesafishwa, ikakaushwa, ikarudishwa, namba zikafutwa, na gari likasimama.

Palikuwa na kasoro mbili ndogo, na ya kwanza iliificha ya pili. Katika mfano huu fedha nyingi zimepotea, gari limelala kwa majuma, na fundi amepoteza heshima yake mbele ya watu wanaomtegemea. Hakukosa akili wala bidii. Alikosa utaratibu wa kuuliza jambo moja baada ya jingine na kulipima kila moja kabla ya kwenda kwenye lifuatalo.

Utaratibu huo ndio sayansi yenyewe. Magari haya yataendelea kuingia nchini, na vijana walioko katika madarasa yetu leo ndio watakaoitwa yatakapolala Kisaki, Ifakara au Tunduma. Mwalimu anayewafundisha kupima omu 60 juu ya meza ya darasa anawaandaa kwa siku hiyo.